Prado ya baba: bolti zilizogandia mkono wa chini – shajara ya kazi, Likoni

Jumamosi, wiki ya kwanza

Haya naanza kuandika leo manake nikingoja mpaka kazi iishe ntasahau nusu. Gari ni Prado 120 ya mwaka 2005, ya dizeli, ya mzee wangu, iliteremka bandari ya Kilindini 2012 ikiwa na miaka saba, yaani ilikua bado ndani ya ile miaka minane ambayo sheria ya Kenya inakubali kwa gari za mitumba kutoka nje. Tangu hapo haijalala bara hata wiki mbili, ni Likoni na kisiwani Mombasa, mara Ukunda, mara Msambweni kwa nyanya, na karibu kila siku ya Mungu iko kwa feri. Feri ntairudia baadae, haya yote nadhani yalianzia huko.

Shida ilianza kwa tairi. Tairi ya mbele kushoto inaliwa upande wa ndani, ukiiangalia kwa nje meno yote yapo, ukipitisha mkono kwa nyuma unagusa waya. Na ilikua na miezi mitano tu. Baba akanambia ipeleke alaimenti, magurudumu yapimwe yasimamishwe sawa, nikaipeleka, jamaa wa mashine akashuka shimoni akatia spana kwa kemu, zile bolti za kurekebishia gurudumu, akavuta, akaongeza bomba akavuta tena, mwisho akatoka akipangusa mikono akanambia "kaka, hii haitaki, bolti zimegandia, mie nikilazimisha ntakuvunjia." Nilimlipa ya kuangalia na namshukuru mpaka leo, wapo wengine wangeivunja alafu wakakwambia umekuja nayo hivo.

Kwa asiyejua, Prado hii mbele kila upande ina mkono wa chini, ule mafundi wanauita lowa-am, umeshikwa na chesisi kwa bolti mbili ndefu, moja mbele moja nyuma. Bolti hizi si za kawaida, zina washa ambayo tundu lake halikukaa katikati, ukizungusha bolti mkono mzima unasogea ndani au nje milimita chache, na hapo ndo gurudumu linasimama wima ama linalala. Ndo kemu yenyewe. Kwa hio bolti ikigandia hupotezi bolti tu, unapoteza alaimenti yote, unaweza kununua tairi kila miezi mitano mpaka uchoke na tatizo liko palepale.

Leo nimeinua gari nikaangalia tu. Upande wa kushoto kutu imevimba mpaka huoni mpaka kati ya washa na sikio la chesisi, kile kipande cha chesisi ambacho bolti inapita, imekua kitu kimoja rangi ya udongo. Kulia afadhali kidogo. Nadhani ni kwa sababu sisi tunaendesha kushoto mwa barabara na maji yote ya mvua yanasimama pembeni huko, gurudumu la kushoto ndo linaloogelea.

Jumapili

Nimesugua kwa brashi ya waya kama saa nzima mpaka nikaona alama za kemu. Zile washa zina mistari midogo ya kuhesabia, nikapiga picha, alafu nikachora kwa rangi nyeupe mstari mmoja kutoka kwa washa mpaka kwa chesisi, kila bolti. Hata kama haitarudi hapohapo baadae, ni vizuri kujua ilikua wapi, uweze angalau kuendesha mpaka kwa mashine bila gari kukuvuta.

Alafu nikapulizia dawa ya kulainisha kutu. Hapa watu wengi wanapuliza mara moja, wanasubiri dakika tano, wanaanza kuvuta. Dawa ile inaingia kwa kunyonywa na uwazi mdogo, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na bolti hii ina uwazi mrefu sana kupita, imepenya bomba la chuma lililo ndani ya bushi, ile raba ya duara iliyobanwa kwa mkono, kutoka mwisho hadi mwisho. Haingii leo. Nimejipangia kupuliza kila jioni nikitoka kazini mpaka Jumamosi, na kila nikipuliza nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo mara kumi hivi, si kwa nguvu, ni ule mtikisiko tu unaosaidia kutu ipasuke vijiufa na dawa ipate njia.

Jumatano usiku

Nimepuliza. Hakuna lolote la kuandika ila leo nikiwa kwa feri kurudi nilikua naangalia gari zinavyoshuka pale gatini, ule mlango wa chuma umelowa maji ya bahari muda wote, kila gari inayopita inabeba maji kwa tairi na kuyarusha chini yake yenyewe. Chumvi inabaki. Maji ya mvua yanakauka yakaisha lakini chumvi inavuta unyevu wa hewani, na hewa yetu hapa ni mbichi usiku na mchana, kwa hio chuma hakikauki hata gari ikiwa imeegeshwa wiki nzima. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila, mara mbili na zaidi, sasa fikiria iko ndani ya uwazi ambao hata karatasi haipiti, itaenda wapi? Inabana. Ndo manake ukisikia bolti "imegandia" si kwamba imeshikwa na gundi, imebanwa kutoka pande zote na mabaki yake yenyewe.

Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu unaweza kuzunguka bila feri lakini gari hii ina miaka mingi ya gati mwilini.

Jumamosi, wiki ya pili

Siku ndefu. Nimeanza saa moja na nusu asubuhi jua halijakua kali. Gari juu, stendi mbili chini ya chesisi, na magogo mawili ya mwembe chini ya stendi manake uwanja wetu ni mchanga. Jeki peke yake sikubali kabisa, hata kama ni kazi ya dakika mbili. Tairi nikaiweka pia chini ya chesisi ilale hapo. Hili silifanyii mzaha, kuna kijana wa mtaa wetu aliumia mguu kwa ajili ya jeki na mpaka leo anachechemea.

Nati kwanza. Nilitia soketi na bomba la mita moja, nikavuta kwa uzito wa mwili sio kwa kurusharusha, na nati ya nyuma ikalia kriii alafu ikaachia. Ya mbele pia. Nilifurahi sana. Nati zote mbili zimetoka mpaka mwisho, nikasema basi leo saa nane tunakula pweza.

Sasa nataka mtu yeyote mwenye gari ya pwani asome hapa pole pole. Nati ikitoka haimaanishi bolti imetoka. Nilirudisha nati mizunguko michache ili nisiharibu meno, nikashika kichwa cha bolti kwa soketi nikazungusha, na ikazunguka. Robo mzunguko hivi. Nikaachia, ikarudi yenyewe. Nikazungusha tena, ikarudi tena kama spring. Nikachukua tochi nikalala chini kabisa uso umekaribia bushi, nikamwambia ndugu yangu mdogo azungushe pole pole huku naangalia. Bolti ikizunguka, lile bomba la chuma ndani ya bushi linazunguka nalo, na raba inajisokota, unaona kabisa mistari ya raba inalala upande mmoja kama nyuzi za kamba, na akiachia inasimama tena. Bolti haizunguki ndani ya bomba. Bolti na bomba ni chuma kimoja, kinachokubali ni raba peke yake.

Hicho ndo kipimo chenyewe. Ukiona raba inajisokota, wewe hupigani tena na nati wala na meno, unapigana na sentimita kadhaa za kutu mahali ambapo spana haifiki, na kila nguvu unayotia inaenda kupasua raba ama kukata kichwa cha bolti. Au mbaya zaidi inapinda masikio ya chesisi, na sikio likipinda hio si kazi ya uwanjani tena.

Hata hivo nilijaribu nyundo. Nati nikaiacha ifunike ncha ya bolti kulinda meno, nikapiga kwa nyundo ya ratili nne, mapigo kama thelathini hivi. Haikusogea hata unywele. Nyundo inaruka inarudi na raba inameza pigo lote, ni kama kupiga godoro. Nikaacha.

Saa sita hivi ami yangu akapita akitoka sokoni, yeye alikua fundi wa malori miaka mingi huko Changamwe. Nikamwamkia, akaangalia, akaniuliza "nati zimetoka?" nikamwambia zimetoka ami, lakini zazunguka na bushi. Akasema "basi mwanangu hino yataka moto, leta gesi." Namheshimu sana ami na kwa lori moto unafanya kazi, lakini hapa sikukubaliana naye na nilimwambia kwa adabu. Tundu la milimita 14 ukilipasha joto likaongezeka nyuzi 300 linapanuka kama milimita 0.05 tu, unene wa unywele mwembamba, na hio ni kama bolti iliyo ndani itabaki baridi, ambayo haitabaki. Kabla hujafika huko raba imeshawaka, moshi mweusi, na juu yake pana mpira wa breki na grisi ya bol-jointi, kile kiungo cha duara mwisho wa mkono. Moto unafaa kwa nati iliyogandia kwa chuma kitupu. Kwa bolti iliyogandia ndani ya bushi unachoma nyumba kumtoa panya.

Ami akanyamaza kidogo akatabasamu akasema "basi ikate." Nikamwambia ndo ninavyofikiria. Akasema "lakini ukikata hurudi nyuma, uwe na vitu vyote mkononi kwanza." Maneno ya maana hayo, nikateremsha gari nikafunga nati zote tena.

Wiki ya kutafuta vitu

Sikuandika kila siku. Nilihitaji bolti nne mpya za kemu pamoja na washa zake na nati, bushi mbili kwa mkono wa kushoto, na bledi za kukatia chuma. Duka la kwanza la spea yule bwana akanambia achana na za kemu, nikuwekee bolti nene ya hadwe, ngumu kuliko hio, bei robo. Nilikataa na ningemshauri mtu yeyote akatae. Bolti ya kemu ina mfereji uliochongwa mwilini, ndo unaoshika washa ili zizunguke pamoja, ukitia bolti duara tupu washa itacheza peke yake na mkono utasogea ukipiga shimo la kwanza la barabara. Huo ni mkono unaoshika gurudumu la mbele, si bawaba ya mlango. Nikazipata duka la tatu, original, bei iliniuma lakini nikalipa.

Bushi nilizipata palepale. Mkono mzima mpya pia ulikuwepo, ule wa bei rahisi, nikaushika mkononi nikaona chuma chake chepesi kuliko cha kwetu, nikaurudisha. Mkono wa asili kama haujapinda wala kutoboka, badilisha bushi tu.

Jumamosi, wiki ya tatu

Stima zilipotea saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Hakuna kazi. Nimepuliza dawa upande wa kulia.

Jumapili, wiki ya tatu

Leo tumekata.

Kwanza mpangilio. Gari juu, gurudumu nje, nikafungua linki ya stebilaiza, nikafungua bolti ya chini ya shoki, na hii nashukuru Mungu ilitoka kwa nyundo tatu. Spring ya Prado hii imevaliwa na shoki yenyewe na kufungwa juu na kiti chake, kwa hio mkono ukining'inia wote chini ndo unafungua na spring haina pa kurukia. Lakini usiguse ile nati moja ya katikati kabisa juu ya shoki ukidhani unarahisisha kazi, hio ndo imeshika spring, ikitoka inaua mtu. Alafu nikaachanisha bol-jointi na nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, diski na breki nikazifunga kwa waya juu zisining'inie kwa mpira wa breki. Sasa mkono umebaki umeshikwa na bolti mbili zile tu.

Grainda haikuingia. Diski ya milimita 115 kati ya bushi na sikio la chesisi haina nafasi kabisa, inakata chesisi kabla haijafika kwa bolti. Niliazima msumeno wa umeme ule wa bledi ndefu unaokwenda na kurudi, na ndo ulioniokoa. Bledi inapita ile nafasi nyembamba kati ya sikio na raba, inakata mwisho wa bomba la bushi na bolti iliyo ndani kwa pamoja. Kwa mkono mmoja ni mikato minne, kila bolti miwili, mmoja kila upande wa bushi.

Mkato wa kwanza niliukosea. Niliwasha msumeno mbio zote, cheche, moshi wa raba, harufu mpaka mama akafungua dirisha kuuliza, na baada ya dakika tatu bledi imelala kama kisu cha plastiki, meno hakuna. Bolti hizi zimekaangwa ngumu, ukienda mbio meno yanapata moto yanalainika yanaisha. Bledi ya pili nikapunguza mwendo nusu, nikasukuma kwa nguvu thabiti bila kuyumba, na ndugu yangu akawa anadondoshea oili ya injini kuukuu tone tone kwa kijiko. Sauti inabadilika. Inaacha kulia inaanza kunguruma, na badala ya cheche unaona unga mweusi unaobebwa na oili unateremka kama uji. Hapo ndo unajua inakata. Dakika ishirini na tano mkato mmoja. Kata raba kwanza kwa kisu upate njia, vinginevyo raba inayeyuka inashika bledi.

Na lazima uangalie bledi imelala wapi. Msumeno ule unapenda kupinda kwenda upande laini, na upande laini ni raba, kwa hio unajikuta unaingia ndani ya bushi, sio mbaya sana bushi ni ya kutupa. Hatari ni ukiusukuma kukwepa raba ukaanza kula sikio la chesisi. Niliegemeza kipande cha bati nene juu ya sikio, bledi ikigusa inakwaruza bati. Baadae nilipolitoa lilikua na mikwaruzo mitatu mirefu, hio ingekua chesisi.

Mkato wa nne uliisha saa kumi kasoro. Mkono uliachia upande mmoja kwanza, ukashuka kidogo, nilikua nimeweka jeki chini yake kuupokea, alafu bledi ikapita na mkono wote ukakaa juu ya jeki kimya kabisa. Ndugu yangu akapiga takbir. Vichwa vya bolti vilivyobaki kwa masikio nikavigonga mara moja moja vikadondoka, manake kwa masikio havikua vimegandia, kugandia kote kulikua ndani ya bushi.

Bledi saba. Mikato minne, bledi saba.

Jumanne

Nilitoka kazini mapema nikapeleka mkono Shimanzi kwa fundi mwenye presi ya tani 20. Akasukuma bushi kuukuu nje, zililia kweli, ya nyuma ilipotoka ilipiga kishindo mpaka watu wakageuka. Nikamwomba anipe ile bushi na kipande cha bolti ndani yake, akaniuliza ya nini, nikamwambia nataka kuona.

Nyumbani nikaibana kwa vaisi nikaipasua bomba kwa urefu na grainda, pole pole nisifike kwa bolti. Nilipolifungua kwa tindo, lilifunguka kama ganda la muhogo, na ndani bolti imevaa koti la kutu la rangi tatu, jeusi karibu na chuma, kahawia katikati, na nje kabisa rangi ya machungwa, likipukutika likigusana na kidole. Na katikati kabisa ya bolti, urefu kama sentimita tatu, chuma kilikua king'aavu. Kisafi kama siku kilipotoka kiwandani. Maji yaliingia kutoka ncha zote mbili hayakuwahi kukutana katikati. Dawa yangu ya wiki mbili nayo niliiona ilipofika, alama ya mafuta kama nusu sentimita kila upande basi. Nusu sentimita! Kwa hio ningepuliza mpaka mwaka mpya.

Nimeiweka ile bolti dirishani. Baba ameishika ameigeuzageuza, akasema hajawahi kujua kwamba gari inaoza mahali ambapo jicho halifiki.

Jumamosi, wiki ya nne

Kurudisha. Bushi mpya zimeshaingizwa na presi, zimekaa sawa, nimehakikisha zimeingia mpaka mwisho na upande wake ni ule ule wa zamani.

Kabla ya bolti kuingia, grisi. Nina rafiki Mtongwe anayefanya mashine za mashua, nikamwendea Alhamisi nikamwambia nataka grisi mnayopaka nyinyi kwa vitu vinavyokaa majini, akanipimia kwa kikopo. Grisi hio maji ya chumvi hayaioshi kirahisi. Nikapaka ndani ya bomba la bushi kwa kidole, nikapaka mwili wa bolti wote mpaka hakuna mahali pakavu, nikapaka pia washa za kemu pande zote mbili na masikio ya chesisi. Meno ya bolti nikayapangusa yakawa safi, kwa sababu meno yakiwa na grisi nati inateleza na kwa nguvu ile ile ya spana unaivuta bolti kupita kiasi chake. Nimeuliza mafundi watano kama wanapaka grisi hapo, wanne wamesema hapana na mmoja amesema wateja hawaulizi. Basi nyinyi ulizeni. Simama pale, mwambie fundi kabla hajaingiza bolti nataka iwe na grisi, kama hana mletee. Ni grisi ya vijiko viwili tu.

Bolti ya nyuma iliingia kwa mkono, kwa mkono jamani. Ya mbele ikagonga rak ya usukani, ikabidi nilegeze rak niisogeze mbele kidogo ndo ikapita, hilo liliniongezea saa nzima sikua nimelipangia. Kemu nikazirudisha kwa alama za rangi nilizochora ile Jumapili.

Alafu kitu kimoja mafundi wengi wanakosea na ndo kinachoua bushi mpya ndani ya mwaka. Usikaze nati za mkono gari ikiwa juu na mkono unaning'inia. Raba ya bushi imeshikana na bomba la ndani na la nje, ukikaza mkono ukiwa chini unaifunga raba hapo, gari ikishuka raba inakaa imejisokota siku zote kama mtu aliyelala shingo upande. Nilifunga nati zikashika tu, nikarudisha bol-jointi, shoki, linki, gurudumu, nikateremsha gari chini, nikaitikisa, nikaisukuma mbele na nyuma mita chache ikae, ndo nikaingia chini na spana ya kupimia nikakaza kwa kiasi kitabu cha gari kinachosema. Prado iko juu, unaingia chini yake bila jeki.

Jumatatu

Kulia nimeifanyia uchunguzi jana. Ya mbele nati ikatoka, nikazungusha kichwa, raba ikajisokota kidogo alafu kukasikika mlio kama kuvunja ukuni mkavu na bolti ikaanza kuzunguka peke yake. Nilikaa pale chini nikashukuru. Nikaitoa yote nikaisugua, grisi, nikairudisha. Ya nyuma bado inazunguka na bomba lake.

Leo nimerudi kwa yule jamaa wa alaimenti. Akapima, upande wa kulia uko ndani ya kipimo kwa hio hakuna haja ya kuugusa leo, wa kushoto ndo umelala. Akashuka shimoni, nikamsikia anasema "mmefanya nini hapa?" Nikainama kuangalia. Nati ameilegeza na kemu anaizungusha kwa spana fupi mkono mmoja, mkono mwingine ameshika tochi, na mshale kwa skrini unasogea ukaingia kwa rangi ya kijani ukasimama. Hakuchukua hata dakika kumi. Gari nikairudisha kwa feri, usukani umesimama katikati, nikiachia mikono inakwenda moja kwa moja.

Tairi mpya ya kushoto imefungwa leo. Bolti za kemu zilizobaki mbili na bledi mbili ziko kwa kopo chini ya kitanda, na ile ya nyuma kulia nimeshaipulizia ya leo, ingawa nimeona mwenyewe dawa inafika wapi. Nimeshamwomba mwenye msumeno, amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi yuko huru.